Nani Amlinde Mchambuzi wa Intelijensia? Kamati ya Bunge Yenye Meno, Kamati ya Wabunge Chini ya Waziri Mkuu, au Mkaguzi Huru

Mwezi Oktoba 2002 mashirika ya intelijensia ya Marekani yalitoa matoleo mawili ya tathmini kuhusu silaha za Iraq, moja la siri na jingine la umma. Toleo la siri lilisema, kwa maneno ya wachambuzi wenyewe, kwamba wanakadiria Iraq imeendelea na programu zake za silaha za maangamizi. Toleo la umma lilisema kwamba Iraq imeendelea na programu hizo. Katika sentensi hiyo kilichoondoka ni kitenzi kimoja tu, lakini pamoja nacho kiliondoka kile ambacho msomaji alihitaji kuliko vyote, yaani kujua kwamba anasoma makadirio na si ushahidi. Siku chache baadaye Kongresi ilipiga kura kuidhinisha vita.

Ninaanza na kitenzi hicho kwa sababu mjadala wa kulinda uchambuzi dhidi ya shinikizo la kisiasa huharibika pale watu wanapotafuta simu ya waziri au barua yenye amri. Shinikizo la namna hiyo lipo, lakini ni nadra na halina haja ya kuacha karatasi. Lile la kawaida hupita katika safari ya waraka kutoka rasimu ya kwanza hadi nakala iliyotiwa sahihi, pale "huenda" inapogeuka "yamkini", "yamkini" inapogeuka "imebainika", na maoni ya idara isiyokubaliana yanaposhushwa kutoka kwenye aya hadi kwenye tanbihi, kisha tanbihi nayo ikaachwa nje.

Kwa anayeandika sheria mpya ya usalama wa taifa, au anayetaka kurekebisha iliyopo, mifumo ya kumsimamia na kumlinda mchambuzi iko mitatu mikuu. Wa kwanza ni kamati ya Bunge yenye madaraka kamili, kama ilivyo Marekani. Wa pili ni kamati ya wabunge ambayo uteuzi wake na ripoti zake hupitia kwa mkuu wa serikali, kama ilivyo Uingereza. Wa tatu ni mkaguzi au jopo la watu wasio wabunge, lenye nguvu za kisheria na linalotoa ripoti kwa Bunge au kwa serikali, kama ilivyo Australia na Norway. Nchi nyingi huchanganya, lakini hata anayechanganya lazima aamue ni upi utakaobeba mzigo.

Vigezo vya kupimia

Nitaipima mifumo yote mitatu kwa maswali matano. Kwanza, je, chombo kinaona rasimu na maoni ya wasiokubaliana, au kinaonyeshwa nakala ya mwisho tu? Pili, chombo chenyewe kiko huru kiasi gani? Msimamizi anayeweza kushinikizwa hawezi kumlinda mwingine. Tatu, kina uwezo wa kupima ubora wa uchambuzi, au kinaishia kuuliza kama sheria ilifuatwa? Nne, mchambuzi aliyebanwa ana mlango gani wa kubisha bila kupoteza kazi? Tano, ni kiasi gani cha matokeo kinawafikia wananchi?

Uhuru wa mchambuzi, hata hivyo, si kujifungia chumbani. Mchambuzi asiyejua waziri anakabiliwa na uamuzi gani ataandika mambo sahihi yasiyomsaidia mtu. Waziri akimuuliza mara moja, "Una uhakika gani na hili?", anafanya kazi yake. Akiuliza swali hilohilo mara kumi, na kila mara kuhusu hitimisho lisilompendeza peke yake, hapo tumeingia katika shinikizo ingawa hajatamka neno baya hata moja. Mfumo wowote utakaochaguliwa lazima uweze kutofautisha hali hizi mbili, na hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kamati ya Bunge yenye madaraka kamili

Baraza la Seneti la Marekani liliunda kamati yake ya kudumu ya intelijensia mwaka 1976, na Baraza la Wawakilishi likafuata mwaka 1977, baada ya uchunguzi wa mwaka 1975 kufichua matumizi mabaya ya mashirika hayo. Sheria inayataka mashirika yazipe kamati hizi taarifa kamili na kwa wakati, na nyuma ya sharti hilo kuna nguvu ya bajeti, kwa sababu kamati ndizo zinazopitisha muswada wa kuidhinisha fedha za intelijensia.

Kwa upande wa kuona rasimu, huu ndio mfumo unaoweza kufika mbali zaidi. Kamati ya Seneti ilipochunguza makosa ya tathmini ile kuhusu Iraq ilisoma maelfu ya nyaraka, ikawahoji wachambuzi, na ripoti yake ya Julai 2004 ikaweka tathmini ya siri na waraka wa umma ubavu kwa ubavu hadi tofauti za maneno zikaonekana. Ilihitimisha kwamba hitimisho nyingi kuu za tathmini ile zilikuwa zimetiwa chumvi au hazikuungwa mkono na taarifa zilizokuwepo. Hilo lilikuwa pigo kwa ubora wa kazi yenyewe, wala si kwa utaratibu tu, na ni vigumu kufikiria chombo dhaifu kikilitoa.

Tatizo liko kwenye uhuru wa kamati. Wajumbe wake ni wanasiasa wenye chama, na chama kina rais wa kumtetea au wa kumwangusha. Ripoti ileile ya 2004 ilisema haikupata ushahidi kwamba wachambuzi walishinikizwa kubadili hitimisho zao, lakini baadhi ya wajumbe wa upinzani waliambatisha maoni yao wakisema kwamba mazingira ya shinikizo kubwa hayakuelezwa ipasavyo. Sehemu ya pili ya uchunguzi, iliyohusu jinsi viongozi walivyozitumia taarifa hizo hadharani, haikukamilika hadi mwaka 2008. Kwa maneno mengine, kosa la wachambuzi lilishughulikiwa mapema, na la wanasiasa likasubiri miaka minne. Sioni sababu ya kulificha hilo kwa lugha ya upole: kamati inayochagua kumwangalia mchambuzi kwanza na mwanasiasa baadaye inaweza, bila kukusudia, kuwa sehemu ya shinikizo lenyewe.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Tathmini ya Oktoba 2002 iliombwa na wajumbe wa kamati ya Seneti wenyewe, ikaandaliwa kwa muda wa wiki tatu hivi, na ndani yake mlikuwa na upinzani ulioandikwa wazi: idara ya intelijensia ya Wizara ya Mambo ya Nje ilikataa hitimisho kuhusu nyuklia, wataalamu wa Wizara ya Nishati walipinga tafsiri kwamba mabomba ya alumini yaliyonunuliwa na Iraq yalikuwa ya programu ya nyuklia, na intelijensia ya Jeshi la Anga ilitilia shaka madai kuhusu ndege zisizo na rubani. Wabunge walikuwa na haki ya kuisoma yote katika chumba maalumu. Ilikuja kuripotiwa kwamba walioisoma yote walikuwa wachache sana. Madaraka ya kuona rasimu hayamsaidii mtu asiyekwenda kuzisoma.

Kuhusu mlango wa mchambuzi, mfumo huu umejenga zaidi ya mmoja. Mwaka 1991, wakati wa kumthibitisha Robert Gates kuwa mkurugenzi wa CIA, wachambuzi wa sasa na wa zamani walisimama mbele ya kamati ya Seneti wakaeleza jinsi walivyoamini kwamba uchambuzi kuhusu Muungano wa Kisovieti ulikuwa umepindishwa. Gates alithibitishwa kwa kura 64 dhidi ya 31, lakini malalamiko yaliingia katika kumbukumbu za umma, jambo ambalo katika nchi nyingi lingekuwa uhaini. Sheria ya mageuzi ya Desemba 2004 ilikwenda mbali zaidi: ilitaka awepo afisa wa kuangalia uadilifu wa uchambuzi na kupeleka ripoti kwa kamati kila mwaka, na ikataka awepo mtu ambaye mchambuzi anaweza kumwendea akiona upendeleo au siasa vimeingia katika kazi. Viwango vya uandishi vilivyotolewa mwaka 2007 vikaandika kuwa uchambuzi usitegemee mambo ya kisiasa na useme wazi kiwango cha uhakika wake.

Mfumo huu unafaa nchi yenye Bunge lenye nguvu za kweli za bajeti, wasaidizi wa kamati wenye ujuzi na vibali vya siri, na desturi ya vyama viwili kufanya kazi pamoja angalau kwenye mambo ya usalama. Desturi hiyo ikivunjika, meno ya kamati hugeuka na kumng'ata mchambuzi.

Kamati ya wabunge inayopitia kwa mkuu wa serikali

Uingereza ilianzisha Kamati ya Intelijensia na Usalama kwa sheria ya mwaka 1994, na sheria ya mwaka 2013 ikaifanya kuwa kamati ya Bunge kamili na kuipanulia madaraka. Ina wajumbe tisa kutoka mabaraza yote mawili. Waziri Mkuu hupendekeza majina baada ya kushauriana na kiongozi wa upinzani, mabaraza huteua, na wajumbe wenyewe huchagua mwenyekiti. Ripoti hupelekwa kwanza kwa Waziri Mkuu, ambaye anaweza kuzuia sehemu zinazoweza kudhuru kazi za idara.

Faida yake ni kuaminiana. Idara za usalama hufunguka zaidi mbele ya chumba kidogo ambacho kinajulikana hakivuji, na kwa nchi ambayo bado inajenga imani kati ya Bunge na idara hizo, hiyo si faida ya kudharauliwa. Lakini kipimo cha rasimu kinaonyesha mipaka yake. Kamati ilitoa ripoti kuhusu Iraq mwezi Septemba 2003, ikaona kwamba waraka wa umma wa serikali wa Septemba 2002 kuhusu silaha za Iraq haukuongezwa chumvi kwa amri ya kisiasa. Baadaye ikabainika kwamba baadhi ya tathmini husika hazikuwa zimefika mikononi mwake. Mwezi Julai 2004 tume iliyoongozwa na Lord Butler, iliyoundwa mahsusi na yenye ruhusa pana ya nyaraka, iliona zaidi: tahadhari zilizokuwa katika tathmini za siri hazikuwekwa katika waraka wa umma, na dai mashuhuri kwamba Iraq ingeweza kuzitumia silaha zake ndani ya dakika 45 halikupaswa kuandikwa bila kueleza lilihusu silaha za aina gani.

Tofauti kati ya ripoti hizo mbili haikutokana na akili za waliozitunga. Ilitokana na kile walichoruhusiwa kusoma. Mtu anayetaka kuiga mfumo wa Uingereza aitafakari miezi kumi iliyopita kati ya ripoti hizo kabla hajafurahia ukimya wake.

Kuhusu uhuru, mwaka 2019 na 2020 vilitoa somo la pande mbili. Ripoti ya kamati kuhusu Urusi ilipelekwa kwa Waziri Mkuu Oktoba 2019, kukawa na uchaguzi mkuu Desemba, na ripoti ikachapishwa Julai 2020. Mwezi huohuo, wajumbe wapya walimchagua Julian Lewis kuwa mwenyekiti badala ya mtu ambaye serikali ilimtarajia, na chama chake kikamwadhibu kwa kumwondoa katika kundi lake la wabunge. Serikali iliweza kuchelewesha, lakini haikuweza kuchagua mwenyekiti. Mstari mmoja wa sheria kuhusu nani anamchagua mwenyekiti ulifanya kazi kubwa kuliko kurasa nyingi za kanuni.

Kwa ubora wa uchambuzi na mlango wa mchambuzi, ulinzi mkubwa wa mfumo huu umewekwa ndani ya serikali yenyewe. Butler alipendekeza kwamba mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Intelijensia, ambayo ndiyo hutia sahihi tathmini za kitaifa, awe mtu mwenye uzoefu wa ngazi ya juu katika kushughulika na mawaziri, asiyeweza kuyumbishwa, na hivyo pengine awe katika wadhifa wake wa mwisho. Naupenda ushauri huu kwa sababu umeelewa tabia ya binadamu: asiyesubiri cheo kingine hana cha kuuza. Baada ya ripoti hiyo pia kukawekwa mkuu wa taaluma ya uchambuzi, mwenye kazi ya kulinda viwango katika idara zote.

Mfumo huu unafaa mahali ambapo utumishi wa umma una mizizi mirefu ya kutoegemea chama, na ambapo Waziri Mkuu akichelewesha ripoti kutakuwa na magazeti na upinzani wa kumuuliza kila siku iko wapi. Bila hayo mawili, ni kamati isiyo na meno.

Mkaguzi au jopo huru

Australia ina Mkaguzi Mkuu wa Intelijensia na Usalama kwa sheria ya mwaka 1986. Anaweza kuingia katika majengo ya idara, kudai nyaraka na kumtaka mtu atoe ushahidi chini ya kiapo. Norway ina kamati ya watu saba wanaochaguliwa na Bunge kwa sheria ya mwaka 1995, na wabunge walio madarakani hawaruhusiwi kuwa wajumbe. Afrika Kusini ina mkaguzi wa aina hii aliyetajwa ndani ya Katiba, anayeteuliwa na Rais baada ya Bunge la Taifa kumuidhinisha kwa theluthi mbili.

Katika kuona nyaraka, mkaguzi hushindana na kamati ya Marekani na mara nyingi huishinda, kwa sababu kazi yake ni hiyo tu na hana jimbo la uchaguzi la kurudia Ijumaa. Udhaifu wake uko katika kigezo cha tatu. Wakaguzi wengi waliundwa kulinda haki za raia na utawala wa sheria, kwa hiyo swali lao la kwanza ni kama idara ilivuka mipaka. Kamati ya Norway, kwa mfano, lengo lake kuu ni kuzuia haki za watu zisivunjwe. Tathmini inaweza kuwa halali kwa kila kifungu na bado ikawa imepindishwa.

Australia imejaribu kuziba pengo hilo kwa njia ambayo naiona kuwa ya maana kuliko zote katika mada hii. Sheria ya mwaka 1977 iliyounda ofisi ya tathmini za kitaifa ilisema kwamba mkuu wake haelekezwi na yeyote kuhusu maudhui ya tathmini, na sheria ya mwaka 2018 iliyoirithi ikaendeleza kanuni hiyo. Baada ya Iraq, uchunguzi ulioongozwa na Philip Flood mwaka 2004 ulipendekeza Mkaguzi Mkuu awe anapitia mara kwa mara kama uhuru huo unaheshimiwa. Hapo mkaguzi anasubiriwa na swali linalohusu uchambuzi wenyewe.

Hata hivyo, kilichofungua macho Australia ilikuwa ni kamati ya wabunge. Ripoti yake ya Machi 2004 ililinganisha tathmini za ofisi ya kitaifa na zile za intelijensia ya ulinzi, ikaonyesha kwamba kuanzia katikati ya Septemba 2002 lugha ya ofisi ya kwanza iligeuka kuwa kali zaidi huku ya pili ikibaki na tahadhari. Wabunge waliona badiliko kwa kusoma karatasi mbili kwa mpangilio wa tarehe. Njia hiyo haihitaji utaalamu wa silaha, na chombo chochote cha aina hizi tatu kinaweza kuifuata.

Tukio la Marekani la mwaka 2015 linaonyesha jinsi mkaguzi na wabunge wanavyoweza kuliona jambo moja kwa macho tofauti. Wachambuzi wa kamandi ya jeshi inayohusika na Mashariki ya Kati walilalamika kwamba tathmini zao kuhusu vita dhidi ya kundi la ISIS zilikuwa zikipakwa rangi nzuri. Kikosi kazi cha wabunge wa Republican katika Baraza la Wawakilishi kilisema Agosti 2016 kwamba picha iliyotolewa ilikuwa ya matumaini kuliko hali halisi. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi, katika ripoti iliyotolewa mapema 2017, hakuona ushahidi wa kutosha kwamba wakubwa walipotosha kwa makusudi, ingawa alikiri kwamba wachambuzi wengi waliamini hivyo. Wabunge waliuliza kama maneno yalilingana na hali. Mkaguzi aliuliza kama kuna mtu mwenye hatia. Anayechagua mkaguzi peke yake aandike katika sheria kwamba swali lile la wabunge nalo ni lake.

Afrika Kusini nayo inatoa tahadhari. Pamoja na mkaguzi wa kikatiba na kamati ya pamoja ya Bunge, jopo la ngazi ya juu lililoongozwa na Sydney Mufamadi lilieleza, katika ripoti iliyotolewa mwaka 2019, jinsi idara ya usalama ilivyokuwa imeingizwa katika siasa za makundi ndani ya chama tawala. Vyombo vyote vilikuwepo na jambo hilo likatokea vilevile.

Mfumo wa mkaguzi unafaa nchi ambayo Bunge lake limetawaliwa na chama kimoja, au ambayo wabunge wake hawana wasaidizi wa kutosha kusoma nyaraka nzito, kwa sharti kwamba uteuzi unahitaji kura za upinzani, muhula ni mrefu na bajeti haishikwi na waziri anayekaguliwa. Kwa uwazi, ndio mfumo wa kimya kuliko yote. Sheria isipomlazimisha mkaguzi kuchapisha toleo la umma kila mwaka, wananchi hawatamsikia.

Uchague kwa hali yako

Ikiwa serikali yenu hubadilishana vyama mara kwa mara na Bunge linaweza kukataa bajeti, jengeni kamati yenye meno, lakini mpeni makamu mwenyekiti kutoka upinzani nguvu ya kuita mashahidi, na lazimisheni kila tathmini inayotangazwa hadharani iambatane na maelezo ya tofauti zake na ile ya siri.

Ikiwa idara ya usalama haijawahi kusimamiwa na yeyote na hofu yake kubwa ni kuvujishiwa siri, anzeni na kamati ndogo ya mtindo wa Uingereza. Wekeni katika sheria siku ambazo mkuu wa serikali amepewa kuirudisha ripoti, na mwenyekiti achaguliwe na wajumbe. Pitieni sheria hiyo upya baada ya miaka mitano, maana mfumo huu hulala ukiachwa.

Ikiwa chama kimoja kina viti karibu vyote, kamati ya wabunge itakuwa kivuli cha serikali kwa vyovyote mtakavyoiandika. Hapo wekeni nguvu kwa mkaguzi, na pamoja naye kifungu kama cha Australia kinachokataza yeyote kumwelekeza mkuu wa tathmini kuhusu maudhui.

Ikiwa fedha na watu wenye ujuzi ni wachache kiasi kwamba mnaweza kupata jambo moja tu mwaka huu, msianze na chombo. Anzeni na sharti la kuhifadhi rasimu zote za kila tathmini ya kitaifa, pamoja na jina la aliyebadilisha, tarehe, sababu aliyoitoa, na maoni ya aliyekataa. Kamati au mkaguzi anaweza kuundwa baada ya miaka mitatu na bado akazikuta zikimsubiri. Rasimu iliyochanwa leo hakuna atakayeisoma.